Times New Roman: fonti ya gazeti iliyohamia kwenye tasnifu

Times New Roman ni fonti ya serifi, yaani herufi zake zina vijistari vidogo kwenye ncha. Vijistari hivyo si pambo tu. Andika jina Ilala kwa Arial, fonti isiyo na vijistari hivyo, na utaona herufi mbili za mwanzo zimekuwa vijiti viwili vinavyokaribia kufanana kabisa. Kwa Times, I kubwa imewekewa vijistari juu na chini, l ndogo kwa juu imechomoza upande wa kushoto tu, na msomaji hababaiki. Halafu unene haulingani: sehemu za wima ni nene, viungo vyake vyembamba.

Umbo hilo lilitokana na gazeti. Mwaka 1929 Stanley Morison, mshauri wa kampuni ya Monotype, alililaumu gazeti la The Times la London kwa uchapaji duni. Gazeti likamwambia basi arekebishe yeye. Akaanzia kwenye fonti ya zamani zaidi, Plantin, na herufi zenyewe zikachorwa na Victor Lardent wa idara ya matangazo ya gazeti hilo. Zilichapwa mara ya kwanza tarehe 3 Oktoba 1932.

Safu ya gazeti ni nyembamba, na habari ni nyingi. Kwa hiyo herufi zilibanwa upana, mikia na vichwa vyake vikafupishwa, na miili ya herufi ndogo kama a na e ikakuzwa ili isomeke hata ikichapwa kwa saizi ndogo. Sisi tunaoandika Kiswahili tunanufaika hapo kuliko Waingereza. Maneno yetu ni marefu (fikiria "hawakuwasilishiwa"), na safu nyembamba ikinyooshwa pande zote mbili kwa fonti pana, mistari hujaa mapengo.

Mwaka 1992 fonti hii iliingia kwenye Windows 3.1, kisha ikawa chaguo la kwanza la Word mpaka toleo la 2007 lilipoleta Calibri. Vyuo vikuu vikaizoea: saizi 12, nafasi mbili kati ya mistari. Mimi naona imepelekwa pasipo pake. Kwenye A4 yenye pambizo za inchi moja, mstari mmoja hubeba herufi karibu 90 pamoja na nafasi, ilhali wachapaji wa vitabu hupendelea 45 hadi 75. Jicho likimaliza mstari mrefu hivyo, hupata taabu kuuona unaofuata. Nafasi mbili hupunguza taabu hiyo, ila kurasa huongezeka na ule ubanaji unakuwa hauna faida.

Kama chuo kimeagiza, tii. Kama una uhuru, panua pambizo au gawa ukurasa safu mbili. Kwenye bango la barabarani iache, maana viungo vyake vyembamba hupotea ukiwa mbali. Ila kwa kamusi, jarida la kitaaluma au ripoti yenye majedwali yaliyosongamana, bado sijaona sababu ya kuikwepa.