Kituo cha maji kujaa: ndege wa pwani wanangoja nini?

Neno kituo limezaliwa na kutua. Mpagazi hutua mzigo kituoni, na ndege naye hutua. Ninaposema kituo cha maji kujaa, nina maana ya mahali pakavu, aghalabu fungu la mchanga, ukingo wa tope gumu au matawi ya mikoko, ambapo ndege wanaotafuta riziki topeni hukusanyika bahari inapojaa, wakangoja hadi ipwe tena.

Anza na chakula. Vitwitwi, sululu na jamaa zao hula minyoo, kaa wadogo na konokono wa kwenye tope. Kila mmoja na mdomo wake: kitwitwi hudonoa juu juu, sululu huzamisha ule mdomo mrefu uliopinda, uliompa jina la sululu ya kuchimbia, mpaka ndani ya shimo la kaa. Maji yakifunika tope, chakula chote kimefungiwa chini, na ndege hawa si waogeleaji. Kwa hiyo wao hawafuati jua, wanafuata bahari. Tope likiwa wazi usiku wa manane, watakula usiku wa manane. Likifunikwa adhuhuri, watalala adhuhuri.

Mahali pazuri pa kuliona jambo hili ni hori ya Mida, karibu na Watamu katika Kaunti ya Kilifi. Kuna daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kuangalilia ndege. Wageni huanza kuonekana Agosti, kusi ikielekea ukingoni, hukaa kaskazi yote, na wengi huwa wameondoka ifikapo Mei. Yumo kitwitwi anayeitwa na wataalamu Calidris ferruginea, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, aliyeanguliwa kaskazini kabisa mwa Siberia. Ukimwona Desemba ni wa kijivu, hana makuu. Mtazame tena Aprili: kifua kimegeuka chekundu kama tofali, na mwili umejaa mafuta ya safari.

Ila wa Mida hasa, kwangu mimi, ni Dromas ardeola, mla kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene kama kisu cha kuvunjia. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana kwenye visiwa na fukwe za Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, na jinsi anavyozaliana ni ajabu: huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe. Joto la mchanga husaidia kulitunza yai hilo, hivyo wazazi wanaweza kuliacha kwa muda wakaenda kutafuta kaa. Kinda hulelewa muda mrefu, na hata baada ya kufika huku Afrika Mashariki utamwona kijana wa kijivu akimfuata mzazi, ameinamisha kichwa, akilia aletewe kaa. Nimemtazama mmoja akifanya hivyo kwa karibu nusu saa, mpaka maji yalipowafikia magotini na wote wawili wakarukia fungu la mchanga walikokuwa wenzao.

Pale kwenye fungu ndipo kituo. Mamia ya ndege husimama wamebanana, wote wameelekea upepo unakotoka ili manyoya yasivurugike na iwe rahisi kuruka. Wengi husimama kwa mguu mmoja, mdomo umefichwa mgongoni. Sululu mara nyingi hupanda juu ya mikoko. Ukiwatazama utadhani hawafanyi lolote, kumbe wanalinda mafuta waliyoyakusanya. Ndege akirushwa hovyo mara tano katika kujaa kumoja, anachoma nguvu alizozitafuta topeni kwa saa nyingi, na hawezi kuzirudisha mpaka maji yapwe. Machi na Aprili deni hilo ni zito zaidi, maana safari iko mbele.

Hapa ndipo ninapowasihi wapiga picha. Msiwaendee ndege, iacheni bahari iwalete. Fika muda wa saa mbili kabla ya maji kujaa, kaa chini kabisa, lenzi iwe usawa wa macho ya ndege, kisha utulie. Lenzi ya milimita 400 inatosha, kwa sababu maji yanapopanda tope linapungua, na ndege wanasogea wenyewe. Alama za hofu ni wazi: mdomo unatoka mgongoni, mguu wa pili unashuka, vichwa vyote vinainuka pamoja. Ukiziona, usisogee hata hatua moja. Wengine hupiga makofi ili wapate picha ya kundi likiruka. Picha hiyo siitaki, hata iwe nzuri namna gani.

Siku nazo zina tofauti. Wakati wa maji mafu, bahari inapojaa kidogo tu, tope jingine hubaki wazi na ndege hutawanyika, wengine wakiendelea kula. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa sana, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, fungu la kawaida huweza kuzama kabisa na ndege hubanwa kwenye vipande vichache. Katika pwani yetu maji ya bamvua hujaa alfajiri na tena alasiri, kwa hiyo jioni unapata ndege wengi pamoja na mwanga laini. Wahesabu ndege nao hupenda saa za maji kujaa, maana waliotawanyika maili nzima ya tope sasa wako mahali pamoja.

Ukiwa na subira, baki mpaka maji yaanze kupwa. Mstari wa kwanza wa tope unatokea, mwembamba kama ukanda. Kitwitwi mmoja anashusha mguu wa pili, anajinyoosha bawa moja, anatembea hadi ukingoni na kudonoa. Wa pili anamfuata. Ndani ya dakika chache fungu linabaki tupu, lina nyayo tu.