Linux haikujaribii, inapimwa

Wiki hii nimesikia tena, safari hii kwa duka la kompyuta pale Luthuli Avenue. Fundi anamwambia mama mmoja asikubali kuwekewa Linux, ule mfumo endeshi huria, kwa laptopu ya mtoto, ati "hiyo ni ya bure, wanaijaribu na nyinyi, ikiharibika ndio wanajua." Mama akaogopa akaenda zake. Jameni, hapana.

Linux inapimwa kwa njia inaitwa upimaji otomatiki wa jamii, na ni hivi: wanaotengeneza mfumo endeshi huria, wengine kwa mshahara wengine kwa kujitolea, wanaandika vipimo, alafu kompyuta zinavirudia kila kodi (maandishi ya programu) inapobadilika, kabla mabadiliko hayajakufikia wewe. Maana ndiyo hiyo.

Shida iko kwa hili neno kujaribu. Lilitoka kwa Kiarabu, jarraba, na limebeba mzigo mwingi, ndio maana kwa Baba Yetu tunaomba tusitiwe majaribuni. Ukienda Gikomba unajaribu suruali juu ya ile umevaa, hujui itakuwaje, ikikubana unairudisha kwa rundo unashika ingine. Kupima ni neno la Kibantu na ni kazi tofauti kabisa: fundi nguo akimaliza kushona anachukua futi, kiuno kilitakiwa kiwe 34, kikisoma 36 kuna kosa na hakuna mjadala. Anayepima anajua jibu kabla hajaanza. Anayejaribu hajui.

Chukua kipimo kidogo ambacho hata wewe unaweza kuandika jioni moja. Unaiwekea mashine lugha ya sw_KE, yaani Kiswahili cha Kenya, unaiuliza tarehe 12 Desemba 1963 ilikuwa siku gani. Lazima ijibu Alhamisi. Ikijibu kwa Kiingereza, au ikisema Ijumaa, kimefeli, na mtu anaitwa aangalie nani aligusa nini. Kwa Debian, aina moja ya Linux, vipimo vya pakiti (furushi la programu) vinakaa ndani ya pakiti yenyewe, kwa folda ya debian/tests, na toleo jipya likivunja vipimo vya pakiti za wengine linazuiwa lisitoke tawi la unstable, la matoleo mapya, kuingia lile la testing (jina ambalo nalo limechanganya watu wengi sana). openSUSE, aina ingine ya Linux, wana chombo cha kupima kinaitwa openQA, hata wenzao wa Fedora wanaitumia, hiyo inainstoli mfumo mzima ndani ya kompyuta pepe, inabonyeza vitufe venye mtu angebonyeza, alafu inalinganisha skrini na vipande vya picha vilivyohifadhiwa, wenyewe wanaviita sindano.

Alafu kuna otomatiki. Asili yake ni Kigiriki, kitu kinachojiendesha chenyewe, na hapo wengine wanadhani basi hakuna binadamu. Lakini si gari za otomatiki tunazo hapa kila siku? Gia zinajibadilisha na dereva bado ameshika usukani. Hata huku kuna mtu aliandika kipimo na kuna mtu atakaa chini asome kwa nini kimefeli. Jamii iko hapo, na pia iko kwa vyuma: KernelCI, mradi wa kupima kerneli (kiini cha Linux), ulioanza 2014 na kuingia Linux Foundation 2019, inategemea maabara za watu na mashirika tofauti, kila moja na bodi zake (kompyuta za kupimia) zimechomekwa kwa stima, kerneli mpya ikitoka inawashwa kwa hizo bodi zenyewe ionekane kama itaamka. Bodi ambayo hakuna maabara inayo haipimwi huko, ni hivyo tu.

Kwa hivyo fundi wangu, najua umeona laptopu ikiapdetiwa waifai ikapotea, hiyo hutokea kweli. Lakini huenda ni kwa sababu hiyo kadi haikuwa na mtu wa kuiandikia kipimo, si eti mteja wako alifanywa chombo cha kujaribia. Waandikie wanaotengeneza mfumo, uwape modeli ya kadi na toleo la kerneli. Na yule mama akirudi mwambie inapimwa, alafu iwashe mbele yake kutoka kwa flashi, bila kufuta kitu, asikie sauti na aone waifai ikishika kwa laptopu yake mwenyewe.