Hamu ya tendo la ndoa ni nini, na kwa nini mwili kusisimka si hamu

Kiswahili hakina uhaba wa maneno ya jambo hili. Kuna hamu, ashiki, matamanio, kuna nyege ya mtaani, kuna "sijisikii", na kwa wanaume kuna lile neno kubwa, nguvu za kiume. Shida ni kwamba karibu yote yanarundika mambo matatu kwenye kapu moja. Mtu aliyepoteza hamu anauziwa dawa ya kusimamisha uume, mwingine ambaye hamu anayo ila anaumia anaambiwa hampendi mwenzake. Kabla ya kutibu chochote, inabidi kapu lipakuliwe.

Hamu ni kutaka. Ni akili kuelekea kwenye raha ya kimwili, iwe na mwenzako au ukiwa peke yako. Inaweza kuja kama wazo, kama ndoto, au kama utayari tu wa kuguswa. Msisimko ni kazi ya mwili: damu inajaa sehemu za siri, uume unasimama, kinembe kinavimba, uke unatoa ute, mapigo ya moyo yanaongezeka. Mvuto unahusu ni nani anayeiamsha hamu hiyo, na huo nao una sura mbili, wa kimwili na wa kimapenzi, ambazo si lazima ziende pamoja. Unaweza kumpenda mtu kwa dhati, ukamkosa akisafiri, ukafurahi kumsikia mlangoni, huku hamu yako ikiwa chini kwa miezi kadhaa. Mapenzi hayajaisha hapo.

Ridhaa ni jambo jingine kabisa. Ni uamuzi, nao hutoka mdomoni mwa mtu, si kwenye viungo vyake. Hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu kosa hili linaumiza watu.

Mwili husisimka bila hamu. Mwanamume mwenye afya uume wake husimama mara 3 hadi 5 kwa usiku mmoja, hasa katika vipindi vya usingizi wenye ndoto, na ule wa asubuhi mara nyingi ni wa mwisho katika mfululizo huo. Hajamtamani mtu yeyote. Uke nao hutoa ute kwa kuguswa tu, hata pale mwenyewe hataki kinachotendeka, na inaaminika kuwa hiyo ni sehemu ya mwili kujikinga na majeraha. Waliobakwa wapo waliolowa, wapo waliosimama, na wapo waliofika kileleni, kisha wakabeba aibu kwa miaka wakidhani mwili wao ulikubali. Haukukubali. Ulijibu mguso, kama jicho linavyotoa machozi ukikata kitunguu.

Kinyume chake pia hutokea: hamu ipo, mwili unachelewa. Mwanamke anayenyonyesha au aliyefikia ukomo wa hedhi anaweza kumtaka mwenzake kabisa huku uke ukiwa mkavu, kwa sababu homoni ya estrojeni imeshuka. Ukavu huo si ushahidi wa kukosa upendo. Kilainishi cha maji au cha silikoni kinatosha kwa wengi. Kama mnatumia kondomu za mpira, mafuta ya kujipaka au ya nazi yasikaribie, kwani yanaudhoofisha mpira na kondomu inapasuka. Ukavu wa ukomo wa hedhi unaorudi kila mara una tiba yake, krimu au vidonge vya estrojeni vya kuweka ukeni, ambavyo daktari huandika.

Hata wataalamu walichelewa kuitenganisha hamu na msisimko. Mwaka 1966 William Masters na Virginia Johnson walipoeleza hatua nne za mwili wakati wa tendo, yaani kusisimka, kubaki juu, kufika kileleni na kutulia, hamu haikuwamo. Helen Singer Kaplan ndiye aliyeiweka mwanzoni mwa mfululizo katika miaka ya 1970. Kisha mwaka 2000 daktari Rosemary Basson akaonyesha kwamba kwa watu wengi, hasa wanawake walio kwenye uhusiano wa muda mrefu, hamu haiji mwanzoni. Inakuja katikati.

Hili la Basson ndilo ningependa kila mtu alijue. Kuna hamu inayojizukia: uko kazini, uko njiani, wazo linakupata bila kuitwa. Na kuna hamu inayoitikia: haipo mpaka kitu kiiamshe. Mtazame mtu aliyejilaza jioni, amechoka kiasi, hana wazo lolote la tendo. Mwenzake anamkanda mabega. Kwa dakika kumi za kwanza ni kupumzika tu. Pumzi inashuka, mawazo ya kesho yanapungua, ngozi inaanza kusikia vizuri, na mahali fulani hapo kati kutaka kunajitokeza. Mtu huyu akiulizwa mwanzoni "unajisikia?" atajibu hapana, na atakuwa anasema kweli. Akiulizwa baada ya nusu saa, jibu ni jingine, nalo ni kweli vilevile. Zote mbili ni hamu timamu. Wengi huwa na zote, moja zaidi ya nyingine kulingana na umri, uhusiano na hali ya maisha, na ni kawaida ile ya kujizukia kupungua baada ya mwaka mmoja au miwili ya kuwa pamoja.

Ila lisigeuzwe kuwa kisingizio. "Sina hakika, tukae tu tuone" ni jambo moja, na "hapana" ni jambo jingine. Hamu inayoitikia huamka kwa mtu aliye huru kuacha wakati wowote. Aliyebembelezwa mpaka akachoka kukataa hajaitikia chochote.

Sasa, kwa nini hamu hupotea? Watafiti John Bancroft na Erick Janssen walieleza kwamba ubongo una mifumo miwili, mmoja wa kuchochea na mwingine wa kuzuia. Ni kama gari: kuna mafuta na kuna breki. Watu wakikosa hamu hukimbilia kukanyaga mafuta, nguo mpya, manukato, dawa za kuamsha, wakati breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Gari litanguruma tu pale lilipo. Kwa hiyo swali la kwanza si "niongeze nini?" bali "nini kinazuia?"

Breki moja kubwa ni maumivu. Mara moja au mbili za kuumia zinatosha mwili kujifunza, na mara ya tatu misuli ya nyonga inajikaza yenyewe kabla hata ya kuguswa. Kujikaza kunaongeza maumivu, maumivu yanaongeza hofu, hofu inaua hamu. Anayeambiwa "vumilia utazoea" anafundishwa kuumia zaidi. Kuingiliana kusimame, chanzo kitafutwe (maambukizi, ukavu, kovu la kujifungua, endometriosisi, yaani tishu kama za ndani ya mfuko wa uzazi kuota nje yake, au misuli yenyewe), na hamu mara nyingi hurudi maumivu yakishaondoka.

Breki nyingine ni usingizi haba, hofu ya mimba au ya maambukizi, ugomvi usiomalizwa, mtoto anayelala chumba hichohicho, sonona. Pombe inachanganya, kwani inalegeza aibu na kumfanya mtu ajione ana hamu, huku ikipunguza uwezo wa mwili kusimama, kulowa na kufika kileleni.

Halafu kuna dawa, na hapa watu wengi huteseka bila kujua. Dawa za sonona za kundi la fluoxetine, sertraline na paroxetine zinaweza kushusha hamu na kuchelewesha kufika kileleni, mara nyingi tangu wiki za mwanzo. Risperidone, dawa ya magonjwa ya akili, hupandisha homoni ya prolaktini, ileile inayopanda wakati wa kunyonyesha, na prolaktini ikizidi hamu hushuka. Dawa kali za maumivu za jamii ya morfini zikitumiwa muda mrefu hushusha homoni ya testosteroni. Spironolactone, ya presha na moyo, na finasteride, ya tezi dume na upara, nazo zimo. Kwa vidonge vya uzazi wa mpango, wapo wanawake wanaoona hamu imeshuka, na wengi hawaoni badiliko lolote. Usiache dawa ghafla kwa sababu ya hili, hasa ya sonona, maana kuacha kwa mkupuo kunaleta kizunguzungu, wasiwasi na ugonjwa kurudi. Mwambie aliyekuandikia. Anaweza kupunguza dozi au kukubadilishia, kwa mfano kwenda kwenye bupropion, dawa nyingine ya sonona ambayo haigusi sana hamu.

Turudi kwenye nguvu za kiume. Neno hili linafunika hamu, kusimama, na kumwaga mapema, na kila kimoja kina njia yake. Sildenafil, ile inayojulikana kama Viagra, inasaidia damu kukaa kwenye uume, lakini haileti hamu. Asiyetaka akimeza hatataka, na bila kuchochewa haitafanya kazi hata kwenye kusimama. Ni marufuku kwa anayetumia dawa za moyo za jamii ya naitreti, kama zile za kuweka chini ya ulimi, kwani presha inaweza kuporomoka na kuua. Uume ukisimama zaidi ya saa 4 ni dharura ya hospitali. Dawa nyingi zinazouzwa kama za asili za kuongeza nguvu zimewahi kukutwa zimechanganywa sildenafil bila kuandikwa, hivyo mgonjwa wa moyo anaweza kuimeza asijue.

Kipimo kimoja cha nyumbani kinasaidia sana. Kama uume bado unasimama alfajiri ila ukiwa na mwenzako unagoma, mara nyingi shida iko kwenye hofu, uhusiano au hamu. Kama hata alfajiri umekoma kabisa kwa wiki nyingi, chunguza kisukari, presha na mishipa ya damu. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo na huziba mapema, kwa hiyo kushindwa kusimama kunaweza kutangulia ugonjwa wa moyo kwa miaka.

Wenzi wawili kutofautiana hamu ni jambo la karibu kila nyumba, na hakuna idadi ya mara kwa wiki inayoitwa sahihi. Kinachoharibu ni mzunguko huu: mmoja anaomba, mwingine anakataa, kisha kila mguso unaanza kusomwa kama ombi. Mkono begani jikoni unakwepwa. Busu la kuaga linafupishwa. Mwishowe hata kukumbatiana kunakufa, na hamu inayoitikia inakosa cha kuitikia.

Njia ya zamani iliyotoka kwa Masters na Johnson bado inafaa hapa. Mnakubaliana kwamba kwa wiki kadhaa hakuna kuingiliana. Mara mbili au tatu kwa wiki mnatenga dakika 20 hadi 30, mmoja anamgusa mwenzake mwili mzima isipokuwa sehemu za siri na matiti, kisha mnabadilishana. Anayeguswa ana kazi moja, kusikia na kusema panapopendeza au panapokera. Kugusa matiti na sehemu za siri kunakuja wiki za baadaye, na kuingiliana mwisho kabisa. Panapoharibika ni palepale kila mara: jioni ya tatu mambo yanakuwa matamu, wanavunja sharti, na kesho yake mguso umekuwa ombi tena. Sharti ndilo dawa yenyewe.

Lakini hamu ndogo si ugonjwa kwa sababu tu ni ndogo. Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani, DSM-5 wa mwaka 2013, unataka hali idumu miezi 6 hivi na imsumbue mwenyewe, si mwenzake tu. Wapo pia wasiowahi kuvutwa kimwili na mtu yeyote na hawaoni pengo. Mwongozo huo unasema wazi kwamba anayejitambua hivyo hapewi jina la ugonjwa. Baadhi yao hupenda, huoa na huolewa, kwa sababu mvuto wa kimapenzi wanao.

Ukiamua kumwona daktari, nenda na majibu ya mambo machache. Hamu imepotea kwa mwenzako tu, au hata ndoto na kujichua vimekoma? Ilianza lini, na miezi mitatu kabla ya hapo kulibadilika nini: dawa, uzazi, msiba, kazi? Kuna maumivu? Hedhi ikoje, matiti yanatoa maziwa bila kunyonyesha? Andika kila dawa unayotumia, pamoja na za mitishamba. Mwanamume akipimwa testosteroni, damu itolewe asubuhi, kwa kuwa saa hizo ndipo huwa juu, na jibu la chini lirudiwe siku nyingine kabla ya kuanza matibabu. Vipimo vya tezi ya shingo, sukari, upungufu wa damu na prolaktini huongezwa kulingana na dalili.