Kuongeza bitreti hakuzibi mwanya

"Fundi, shoo inakatika kati ya nyimbo. Nirudishie kwa 320." Nimelisikia hilo hapa Mwanga, nimelisikia kutoka Ujiji, na sasa linanifuata kwenye WhatsApp mpaka kutoka Tabora. Naliandika hapa ili nikiulizwa tena nitume kiungo na kuendelea na kazi.

Ule mwanya unaousikia kwenye rekodi ya laivu, wimbo mmoja ukipisha mwingine, hauhusiani na bitreti, yaani kiasi cha data ambacho MP3 hutumia kwa kila sekunde ya sauti: kilobiti 128, 320 na kadhalika. Weka 128, upo. Weka 320, upo, tena kwa urefu uleule, ila kadi yako itajaa mapema.

FLAC, fomati inayobana sauti bila kutupa chochote, hutunza kila sampuli, yaani kila kipimo kimoja cha sauti, kama ilivyorekodiwa. Kipande kikiwa na sampuli 10,000,003, utazipata zote, hata hizo tatu. Ndiyo maana wahifadhi wa shoo wanaipenda, na mkusanyiko wa muziki wa laivu wa Internet Archive, ulioanza 2002, umejaa FLAC. MP3 haifanyi hivyo. Yenyewe hufunga sauti katika fremu, yaani vifungu vidogo, na kila fremu hubeba sampuli 1,152, hazipungui wala hazizidi. Kwa sauti ya sampuli 44,100 kwa sekunde, fremu moja ni kama milisekunde 26. Sasa niambie ni wimbo gani unaoisha sawasawa kwenye kigawo cha 1,152. Fremu ya mwisho hujaziwa ukimya. Mwanzoni nako LAME, programu ya kugeuza sauti kuwa MP3, huchelewesha sauti kwa sampuli 576, na dikoda, inayoifungua MP3 wakati wa kuicheza, huongeza 529 zake. Jumla 1,105, milisekunde 25 za ukimya kabla mpiga solo hajagusa waya. Katika hesabu hiyo yote, bitreti imeingia wapi? Bitreti huamua kila fremu ipewe biti ngapi. Idadi ya sampuli ndani ya fremu haiigusi.

Kwenye wimbo wa studio hakuna anayegundua, kwa sababu unaanza kimya na kuisha kimya. Shoo ya rumba haina ukimya wa kujificha. Sebene halijapoa, makofi yanaendelea, mwimbaji anasalimia watu, na gitaa la rithimu limeshaanza wimbo unaofuata. Geuza kipande kimoja kimoja kuwa MP3, na kila mpaka utasikia "tup" katikati ya makofi. Kisha mtu ananiambia mpiga drama alikosea.

Walioitengeneza LAME waliliona hili. Programu yao huandika mwanzoni mwa faili ni sampuli ngapi zimeongezwa mbele na ngapi nyuma, na pleya inayosoma maandishi hayo huzikata. Rockbox, programu mbadala ya kuendesha pleya, inasoma. Pleya nyingi za bei ya chini, zile zinazouzwa pamoja na chaja na kava za simu, hazina habari. Fomati za Ogg Vorbis na Opus huhifadhi urefu kamili, kwa hiyo upande wa faili tatizo linakwisha.

Nimesema upande wa faili. Hapa hata mafundi wenzangu wananichosha, maana wanachanganya mianya miwili. Wa kwanza ni huo wa MP3. Wa pili ni wa pleya yenyewe: inafunga faili moja, inaitafuta inayofuata, inaifungua, na muda wote huo spika imenyamaza. Huo unaweza kuwa mrefu kuliko wa kwanza, na hakuna fomati itakayouziba. Kuutambua si kazi. Chukua vipande viwili vinavyofuatana, viweke kwenye pleya vikiwa FLAC au WAV (sauti isiyobanwa), usikilize mpakani. Vikikatika, pleya ndiyo yenye kosa, uniache. Visipokatika, laumu MP3.

Kwa pleya ya namna hiyo dawa ni kuunganisha shoo nzima iwe faili moja. Unganisha zikiwa bado FLAC, kisha ugeuze mara moja. Ukigeuza kwanza ndipo uunganishe MP3, umeubeba ukimya wote ndani ya faili na hautoki tena. Hasara yake ni kwamba huwezi kuruka wimbo, na mteja anayetaka wimbo mmoja tu atakuchukia. Siku hizi mara nyingi nakata sehemu mbili tatu, pale makofi yanapopungua kabisa, nashusha sauti taratibu kisha naipandisha. Sina hakika kama ni sahihi. Kuna anayesema naharibu shoo, na sina jibu la kumnyamazisha.

Kuhusu hiyo 320 yenyewe. Saa mbili za shoo kwa 320 ni MB 288. Kwa V2, ngazi ya ubora ya LAME ambayo bitreti yake hubadilikabadilika na wastani wake huzunguka 190, ni kama MB 170. Nikijipima bila kuangalia jina la faili, kwenye muziki siwezi kuzitofautisha, na wengi wanaoapa kwamba wanaweza hawajawahi kujipima hivyo. Makofi tu ndiyo yananitia shaka, kwa kuwa enkoda (programu ya kugeuza, kama LAME) hupata taabu nayo: kwa 128 yanasikika kama dagaa kwenye mafuta ya moto. Kwa hiyo shoo yenye watu wengi naipa V0, ngazi iliyo juu ya V2. Huenda ni woga tu.

Mengine haraka. Rekodi ya biti 24 na sampuli 96,000 kwa sekunde ishushe iwe 16 na 44,100, na uweke dither, yaani kelele hafifu inayoficha makosa ya kupunguza biti. Ukisawazisha sauti, sawazisha albamu nzima, usisawazishe wimbo mmoja mmoja, la sivyo salamu za kiongozi wa bendi zitapiga kelele kuliko ngoma. MP3 usiigeuze kuwa FLAC ukidhani itapona. Kilichotupwa hakirudi, unaongeza uzito tu.

Na ukishamaliza, nakili faili kwenye kadi moja baada ya nyingine kwa mpangilio wa shoo. Pleya hizi nyingi hazijali ile 01, 02, 03 uliyoandika kwenye majina. Hucheza kwa mpangilio ambao faili ziliingia kwenye kadi, kwa hiyo ukizimwaga zote kwa pamoja, wimbo wa kuagia unaweza kuja kabla ya salamu.