Utulivu wa kamera haununuliwi pamoja na tripodi

Kwa wanafunzi wangu wa picha hapa Bagamoyo sentensi ni ile ile: "Mwalimu, nikipata hela ya tripodi nzuri, picha zangu zitatulia." Tripodi ni ile stendi ya kamera ya miguu mitatu. Nimeisikia mno. Leo naijibu kwa maandishi.

Dhana: tripodi ya bei kubwa ndiyo dawa.

Si kweli. Kamera inatikiswa na mkono, upepo na ardhi iliyo chini yake. Tripodi inakuondolea mkono. Upepo na ardhi ni kazi yako. Nenda ufukweni alasiri ya mwezi wa saba, upepo wa kusi umechachamaa, uone watu wanavyovuta miguu yote na kupandisha nguzo ya katikati hadi mwisho. Hapo kamera imekaa juu ya kijiti kimoja chembamba, na kijiti hicho kinatetemeka hata kama kimegharimu mshahara mzima. Ile tripodi nyepesi mnayoidharau, nguzo ikiwa imeshushwa yote na miguu imevutwa sehemu zile nene tu, itakupa picha kali zaidi. Piga magoti. Picha ya chini nayo ni picha.

Wengine hutundika begi katikati na kuliacha likining'inia. Upepo unalibembeza begi, begi linaitikisa tripodi. Refusha kamba mpaka begi liguse chini, au tumia kiroba cha mchanga, kwani mchanga ni bure. Na msisimike miguu pale wimbi linapofika: maji yakirudi yanachimba mchanga chini yake, na tripodi inazama wakati shata, yaani pazia linaloingiza mwanga kwenye kamera, bado iko wazi. Sogea juu, didimiza miguu mpaka igote, au weka kipande cha ubao chini ya kila mguu. Ukirudi nyumbani, ioshe kwa maji yasiyo ya chumvi kabla chumvi haijala chuma.

Asiye na tripodi kabisa ashone mfuko wa kitambaa kigumu, atie kunde kavu robo tatu, asiujaze. Ukiuweka juu ya ubavu wa ngalawa iliyopwelewa na kulaza lenzi juu yake, unajifinyanga wenyewe na kuishika. Kifaa hiki nakipenda kuliko vyote. Ila kule kwenye magofu ya kale ya Kaole tafadhali msiegemeze chochote kwenye makaburi ya nguzo. Yamesimama kwa karne nyingi, hayakujengwa yawe stendi zetu.

Kamba nayo inafaa. Nunua boliti ya robo inchi, ifunge kamba, ikaze kwenye tundu lililo chini ya kamera, kanyaga ncha ya pili na uvute kamera juu. Boliti ya milimita 6 inafanana nayo kwa macho, lakini meno yake ni tofauti. Ukiilazimisha, unaharibu tundu.

"Lenzi yangu ina kitulizi, inatosha." Kitulizi kinapambana na mtikisiko wa mikono yako. Hakimsimamishi mvuvi anayevuta nyavu. Huyo anataka spidi ya shata iongezwe.

"Spidi ya shata ya 1/60 ya sekunde ni salama kwa mkono." Kwa lenzi gani? Kwa lenzi ya milimita 50 anzia 1/50, kwa ya milimita 200, inayovuta vya mbali, anzia 1/200. Kamera yenye kihisi (kile kinachopokea mwanga wa picha) kidogo, aina ya APS-C, inataka zaidi: zidisha kwa 1.5, ile 200 inakuwa 1/300.

"Nikibonyeza taratibu haitikisiki." Inatikisika. Weka taima ya sekunde 2 na uondoe mkono.

"Ndani ya jahazi nifunge tripodi." Hapana! Chombo chenyewe kinayumba, na tripodi inaupeleka mtikisiko wote kwenye kamera. Shika kwa mikono, viwiko mbavuni, magoti yakunjwe kidogo, usiegemee mlingoti. Pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, bila woga ili spidi ya shata iongezeke: chembechembe inazoleta kwenye picha zinapunguzika kwenye kompyuta, picha iliyotikisika hairudi.