Gesi ya friji haiishi jamani, na mengine mnayodanganywa

"Fundi njoo na gesi yako kabisa, friji haligandishi." Meseji hii naipata mpaka nimechoka, na ikikaribia Ramadhani ndo balaa, kila mtu anajaza samaki na juisi za ukwaju na kila mtu gesi yake imeisha. Ukiuliza nani kakwambia ni gesi, jibu ni shemeji, au jirani, au fundi mmoja alipita mwaka jana akajaza. Hakuna hata mmoja aliefungua paneli akatizama.

Gesi ya friji haitumiki. Ile ya jikoni inaungua ukipika ndo maana mtungi unakuwa mwepesi, na nahisi hapo ndo watu wanapochanganya. Ya kwenye friji haiungui, inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa pande zote, kompresa inaisukuma, inapita kwenye kondensa nyuma au ubavuni inatoa joto, inapenya kijibomba chembamba, inaingia evaporeta inafyonza joto la ndani, inarudi kompresa, hivo hivo mwaka hadi mwaka. Kama mabomba mazima, gesi ya kiwandani inatosha mpaka siku unalitupa friji. Ikipungua imevuja, ikivuja pana tundu, na tundu halizibiki kwa kuongeza gesi.

"Lakini fundi, yule alijaza na likagandisha!" Hapa ndo huwa napandwa. Sikilizeni vizuri.

Mafriji mengi skuhizi ni nofrosti. Evaporeta imefichwa nyuma ya paneli ya friza, na feni inapuliza baridi humo na kuipeleka chini kwenye mboga na maziwa. Barafu inayojijenga kwenye evaporeta inayeyushwa kila baada ya masaa kadhaa na hita, na hita inaamrishwa na taima au bodi kwa kusikiliza sensa. Kikifa kimoja kati ya hivo barafu haiyeyuki, inajenga, inajenga mpaka inaziba njia yote ya hewa, friza linaganda kidogo kidogo na chini maziwa yanachacha. Unaita fundi wa gesi. Anachomoa friji, analitoa ukumbini, milango wazi, anakata bomba anachomelea, au analibeba kwenda nalo kwake anakaa nalo siku mbili. Muda wote huo barafu inafanya nini? Inayeyuka yenyewe! Akiwasha njia ya hewa iko wazi, baridi kama jipya, anakwambia unaona, ilikuwa gesi, unalipa na shukrani juu. Wiki haijapita mbili barafu imeshajenga tena, na wewe unalalamika kakutilia gesi feki. Gesi haikuwa feki, bali ilokuwamo haikuwa na kosa lolote.

Kwa hiyo kabla hujampigia mtu yeyote, fanya hivi. Hamishia samaki kwa jirani, chomoa plagi, acha milango wazi mpaka kesho saa kama hizo, tandika matambara na beseni chini kwa sababu maji yatatoka mengi. Kisha washa. Likipoza vizuri siku kadhaa halafu likaanza tena ugonjwa ule ule, hiyo ni defrosti, yaani ule mfumo wa kuyeyusha barafu, mwambie fundi apime hita na sensa kwa mita, hivo vitu vinauzwa na bei yake si ya kukuuzisha shamba. Feni nayo isikilize: fungua mlango wa friza, bonyeza kwa kidole ile swichi ya mlango huku kompresa inaunguruma, kwa mafriji mengi unatakiwa usikie feni inazunguka. Kimya? Basi anza na feni.

Sikatai, gesi huvuja, na kwetu visiwani Zanzibar huvuja zaidi kuliko bara kavu, maana chumvi ya bahari inakula mabomba ya chuma yale ya nyuma, waulize walioko Nungwi au Jambiani nyumba zinazotizama maji. Dalili yake ni kompresa kutopumzika kabisa huku kondensa imepoa, na ukifunua evaporeta unakuta barafu kipande kidogo tu pale mwanzo gesi inapoingilia, kwengine kote hakuna barafu. Na wengine wanaivujisha wenyewe kwa mikono yao, wanakwangua barafu kwa kisu. Kisu bwana! Friji la kawaida, lisilo nofrosti, evaporeta yake ni aluminiamu nyembamba, gesi iko hapo hapo chini ya ncha ya kisu, ukisikia "pssss" ndo umeshaliua. Weka sufuria ya maji moto ndani, funga mlango, subiri.

Ikithibitika imevuja, kazi ni kutafuta tundu, kuliziba, kubadilisha filta, kuvuta hewa yote kwa vakyumu, halafu kupima gesi kwa mizani kwa gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha friji lenyewe. Mengi mapya yana R600a, na hiyo ni isobutani, inashika moto, na inayotakiwa ni kidogo mno, makumi ya gramu tu. Sasa mtu anakujia na mtungi begani hana mizani, anakadiria kwa kushika bomba kwa kiganja, kisha awashe moto wa kuchomelea bila kuitoa gesi ya zamani nje. Muulize mawili tu: panavuja wapi, na mizani yako iko wapi. Akianza kukasirika mpe soda aende zake.

Haya, mengine kwa haraka haraka.

Kompresa ya moto siyo kompresa mbovu. Ikifanya kazi inakuwa moto mpaka huwezi kuikalisha mkono, kawaida yake. Ubavu wa friji nao ukipata moto usishtuke, kondensa imepita humo, na ndo sababu nakwambia usilibane ukutani na usilifunike mashuka na vitambaa vya kufuma mpaka chini kama bi harusi. Mie sina ugomvi na mapambo, ila joto lazima litoke. Na lile vumbi lililochanganyika na mafuta ya kukaangia huko nyuma, lipigeni brashi mara moja moja, mnanipigia simu kwa vitu vya brashi.

Cha kutisha ni sauti ya "tik", kimya dakika chache, "tik" tena. Hapo kompresa inashindwa kuanza, mara nyingi ni rilei, kile kidude kinachoianzisha, au umeme mdogo. Friji linataka volti 230 au karibu yake, na magharibi majumba yote yamewasha kila kitu taa zinafifia, kompresa inalemewa. Hapa kuna uwongo mwengine, "mie nina friji gadi". Friji gadi haiongezi umeme, inakata tu ukiwa mbaya na inachelewesha ukirudi, anaeongeza ni stebilaiza. Kule kuchelewesha ni muhimu lakini, umeme ukikatika na kurudi saa ile ile presha ya gesi haijasawazika, kompresa inahangaika. Kama huna friji gadi chomoa mwenyewe, subiri dakika tano. Na ukikatika kwa muda usifungue fungue kuchungulia, friza lililojaa likikaa limefungwa linashika baridi hata siku mbili, lile la chini ni masaa kama manne tu. (Wa Unguja walioishi bila umeme Disemba 2009 mpaka Machi 2010 hawahitaji kufundishwa hili.)

Tomostati kuiweka namba ya mwisho hakuharakishi baridi, ile namba inasema tu likome wapi. Kwenye joto la kaskazi ukiipeleka mwisho friji halizimi usiku kucha na TUKUZA, umeme wetu wa kulipia kabla, inakimbia. Wengine ili kuokoa TUKUZA wanazima friji wakilala, asubuhi linafanya kazi zaidi kurudisha baridi, na pweza wako kalala kwenye joto. Tizameni raba ya mlango kwanza: bana noti ya elfu kumi mlangoni, ivute, ikitoka bila kushikwa raba imechoka. Maji ya moto na kitambaa huirudisha umbo, isiporudi nunua nyengine.

"La mtumba la Ulaya ndo imara." Imara sawa, lakini tizama kibandiko ndani. Likiandikwa N au SN limetengenezwa kwa chumba kisichozidi digrii 32, ST ni 38, T ni 43. Jiko la bati Kwerekwe mchana unajua mwenyewe ni ngapi. Likishindwa humo mnaniambia gesi.

Maji chini ya droo ya mboga ni tundu la kutolea maji limeziba, mimina maji vuguvugu, penyeza mrija laini, basi.

Na mnaosafirisha kwenda Pemba: simamisheni friji wima kwenye boti. Likilazimika kulala, oili ya kompresa inahamia kwenye mabomba, kwa hiyo likifika nyumbani lisimamishe na uliache mpaka kesho yake ndo uchomeke, hata kama watoto wote wamepanga mstari na chupa zao za maji.