"Kundi Litaniharibia Sauti Yangu": Dhana Potofu Kuhusu Ukaazi wa Waandishi wa Tamthilia

Katika miaka niliyowalea waandishi chipukizi wa tamthilia hapa Nairobi, hakuna kauli niliyoisikia mara nyingi kama hii: "Mwalimu, nipe chumba kimya tu, kundi litaniharibia sauti yangu." Wiki iliyopita niliisikia tena kutoka kwa kijana mwenye kipaji cha wazi, ambaye aliondoka bila kuomba nafasi katika ukaazi, yaani mpango ambamo kundi la waandishi hukutana kwa muda mrefu na rasimu zao husomwa kwa sauti na waigizaji, nami sikulala vizuri usiku ule.

Dhana hii inawafaa zaidi watunzi wa riwaya, ambao msomaji wao hukutana na kitabu akiwa peke yake. Tamthilia hutamkwa na midomo ya watu wengine, na mwandishi aliyejifungia chumbani hana namna ya kujua kwamba sentensi inayopendeza karatasini humkatiza mwigizaji pumzi kabla haijafika mwisho.

Katika kundi mojawapo, mwandishi alileta mchezo kuhusu mama anayemngoja mwanawe atoke rumande. Katika rasimu ya kwanza, mama huyo alieleza uchungu wake ukurasa mzima. Tulipousoma mezani, mwigizaji aliyepewa sehemu ya mama alifika katikati akaanza kuharakisha, na ingawa hakuna aliyesema neno, mwandishi alisikia, akapiga mstari pembeni kwa penseli. Kufikia rasimu ya nne, ukurasa ule ulikuwa umebaki mistari miwili na maelekezo ya jukwaani: mama anapakua ugali kwenye sahani mbili, kisha anaifunika moja. Katika rasimu ya sita aliiondoa sahani hiyo, akidhani imekuwa jambo la kawaida mno. Mwenzake, aliyezisikia rasimu zote tangu Februari, alimuuliza swali moja tu: "Ile sahani iliyofunikwa ilienda wapi?" Sahani ikarudi. Mshauri wa warsha ya siku tatu asingeweza kuuliza swali hilo, kwa maana hakuwahi kuiona sahani yenyewe.

Hiyo ndiyo kazi ya kundi linalokaa pamoja muda mrefu: kukumbuka kile ambacho mwandishi, kwa kuchoka na kazi yake, amekisahau. Halimwandikii mtu. Kwangu, maneno "ningekuwa wewe ningeandika hivi" hayaruhusiwi mezani. Kila mmoja hueleza alichokisikia, mahali alipopotea na anachongojea kitokee. Mwandishi naye hasomi kazi yake mwenyewe wala haitetei jioni inaposomwa. Hushika penseli na kusikiliza, na sharti hili silibadilishi kwa ajili ya yeyote.

Anayedhani masikio mengi huzaa kazi isiyo na makali na aikumbuke Kamirithu, Limuru, mwaka 1977. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliiweka rasimu ya mchezo wao, Ngaahika Ndeenda, mbele ya wakulima na wafanyakazi wa kijiji, ambao waliijadili na kuirekebisha, lugha yake ikiwamo, na mazoezi yakafanyika hadharani. Mchezo uliotokana na meza pana kiasi hicho ulikuwa na sauti iliyosikika vizuri hata serikalini, ambako kibali cha kuuonyesha kilifutwa mwezi Novemba mwaka huohuo.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Wapo wanaoamini kwamba wiki mbili zinatosha; New Dramatists, kituo cha waandishi wa tamthilia cha New York kilichoanzishwa mwaka 1949, huwapa waandishi wake ukaazi wa miaka saba. Wapo pia wanaodhani kwamba ukaazi lazima uwe wa kulala na kula mahali pamoja, jambo linalowafungia nje wenye kazi na watoto wa kulea. Jioni moja kila wiki kwa mwaka mzima, pamoja na nauli ya kumrudisha mtu Rongai au Githurai, humfaa mwandishi wa jiji hili kuliko wiki moja hotelini Naivasha.

Kuhusu hofu ya kuibiwa hadithi, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda kazi iliyokwisha kuandikwa, bila sharti la kusajiliwa kwanza, wala mwenzako hawi mtunzi mwenza kwa kukuuliza swali zuri. Andika tarehe kwenye kila rasimu na uzihifadhi zote.

Kuna pia wafadhili wanaodai onyesho kubwa mwishoni. Huwa ninawasihi fedha za ukumbi na mavazi ziwalipe waigizaji wa kusoma mezani, kwa sababu mswada uliosomwa kwa sauti mara nane ndani ya mwaka mmoja umepiga hatua ambazo taa za jukwaa haziwezi kuuletea. Kwa hiyo, mwandishi anayetaka kujiunga na ukaazi wowote na aulize kwanza kazi yake itasomwa na waigizaji mara ngapi, na asitie sahihi kabla ya kupewa idadi.

Kijana wa wiki iliyopita, ikiwa unasoma haya, kiti chako kiko wazi hadi Ijumaa.